Usaili wa Kamera Tatu

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimeitwa kwenye usaili. Waliokuwa wananisaili ni kamera.

Walikuwa watatu, wamekaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani na chupa za maji, kila mmoja mdogo wa kutosha kuingia mfuko wa shati. Mimi nilikuwa nimesimama. Chini nimevaa suruali ya kazini, juu nimejifunga taulo, lakini hakuna aliyeonekana kujali. Ndotoni mtu huzoea haraka.

Aliyekaa katikati, mwembamba, mwekundu, akasoma karatasi yake. "Hiza Shemweta. Mpiga picha, Muheza. Miaka kumi na tisa kazini. Picha za pasipoti tu?"

"Na za vyeti," nikasema.

"Umekuja kuomba nini?"

"Sikuja kuomba. Nimekuja kuchagua kamera."

Wakatazamana. Wa kushoto akaandika kitu, akakipigia mstari.

"Unataka kupiga nini?"

"Mama yangu akicheka."

"Huwa anacheka kwa muda gani?"

"Akianza anaweza kufika adhuhuri. Lakini mdomo unaonekana nusu sekunde tu. Baada ya hapo mkono unakuja unaufunika."

Wakaandika wote watatu.

Hapa inabidi nieleze, maana kamera walielewa upesi lakini wewe humjui mama yangu. Anaitwa Bi Mwantumu, na ana mwanya. Si mwanya wa kutafuta kwa tochi. Ni mwanya hasa, juu katikati, ambao marehemu baba alisema ndio uliomteremsha kwenye treni katika kituo kisicho chake. Meno mawili yanayoukalia mwanya huo sasa yanacheza. Fizi zimechoka. Daktari wa meno amesema Alhamisi atayatoa, na ya bandia atakayowekewa yatakuja yamebanana, hayana nafasi hata ya uzi. Leo ni Jumatatu. Na katika familia ya mpiga picha hakuna picha hata moja inayouonyesha mwanya wa mama. Zote amefunga mdomo, au mkono umeshafika. Jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kusema mbele ya watu.

Ndiyo maana wiki nzima nimekuwa nikisoma habari za kamera ndogo zinazopiga picha mfululizo. Ndogo, kwa sababu mama akiiona kamera yangu kubwa ya studio huingia ndani kubadilisha gauni, kisha hukaa kama mtu anayesubiri hukumu. Mfululizo, kwa sababu kidole changu hakina mbio za kushindana na mkono wake. Nilitaka kitu cha kuficha kiganjani, nikibonyeza kipige kumi, ishirini, thelathini, na katikati ya hizo zote ipatikane moja yenye mwanya. Nilikuwa nimeshaandika majina matatu kwenye kikaratasi. Nadhani ndio hao waliokuja.

"Tuanze majaribio ya vitendo," akasema mwekundu.

Wa kushoto alikuwa na pua. Ilikuwa imejikunja ndani, akaitoa, akaitoa tena, ikafika urefu wa mkono wangu. "Mimi naona mpaka milima ya Amani," akasema. "Kuna mbega kule anajikuna kwapa."

Nikamwambia mama yuko karibu zaidi ya hapo.

Hapohapo tuko uani kwa mama. Meza ya usaili imebaki mahali pake, ila kile kitambaa cha kijani sasa ni kanga iliyoanikwa. Mama amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Jirani yetu, Mama Kibwana, amekaa mkabala naye, anasimulia habari za shemeji yake aliyekwenda kuposa akaingia nyumba siyo. Kisa hicho nakijua. Mama hucheka pale shemeji anapomaliza birika zima la chai, ndipo anapouliza mchumba yuko wapi, naye anaambiwa humo ndani hakuna binti, kuna mafundi wa kisima.

Namwinua mwenye pua. Nabonyeza.

"Subiri," anasema. "Nisalimie kwanza."

"Umsalimie nani?"

"Waliopo. Siwezi kuingia kwenye ua wa watu nikaanza kupiga bila kusalimia."

Anaielekeza pua kwa jogoo, anamuuliza habari za asubuhi. Jogoo anaitikia. Anaielekeza kwenye ndoo. Kwa ndoo anakaa sana, maana ndoo inauliza habari za nyumbani kwao mmoja mmoja. Kisha anahamia kwenye kamba ya nguo, na kila nguo anaisalimia peke yake. Mama Kibwana ameshafika kwenye chai. Shemeji ananyanyua kikombe cha mwisho. Nabonyeza tena, namtikisa, namwambia mama ni yule pale, mwenye ungo.

"Namwona," anasema. "Ila kuna mdudu ukingoni mwa ungo sijamjulia hali."

Mama anacheka. Mkono unapanda. Ndipo mwenye pua anapofika, anainama kwa adabu, anasema, "Shikamoo mama," na kupiga picha ya kiganja. Picha safi kabisa, kila mstari unahesabika.

"Marahaba," kikasema kiganja.

Wakati ule sikulitilia maanani.

Mwekundu akajirusha mwenyewe mkononi mwangu. "Picha ishirini kwa sekunde," akasema, "na mimi sisalimii mtu." Moyo wangu ukatulia. Nikamwomba Mama Kibwana arudie kisa tangu mwanzo, akakubali, kwa sababu hajawahi kukataa. Safari hii sikutaka kuchelewa. Alipotamka tu neno shemeji, nikabonyeza, na kidole sikukiondoa.

Mwekundu anapiga. Mama Kibwana anafungua mdomo, anapiga. Mama Kibwana anavuta pumzi, anapiga. Mama Kibwana anarekebisha mtandio, anapiga mara kumi na nne. Namsikia anajaa mkononi, anapata joto, anakuwa mzito. Shemeji ananyanyua kikombe cha mwisho, na mwekundu ananyamaza.

"Vipi?"

"Nina tonge mdomoni," anasema kwa taabu. Mashavu yamevimba.

"Si umeze."

"Siwezi kumeza mpaka yule aandike."

Wa kuandika alikuwa kadi ya kumbukumbu. Ni mzee mweusi, mfupi, bapa, kakaa kwenye kigoda ndani ya tumbo la kamera, ana daftari na kalamu ya wino. Anaandika herufi moja, anaipuliza ikauke, anaandika ya pili. "Picha ya kwanza," anasoma kwa sauti. "Mama Kibwana. Mdomo nusu wazi. Nyuma yake kuna papai." Akanitazama juu ya miwani. "Ni papai moja au mawili?"

"Mzee, hilo si muhimu."

"Kwako," akasema, akainuka kwenda kuangalia.

Mama akacheka. Alicheka sana safari hii, mpaka ungo ukatikisika, mkono ukiwa juu ya mdomo muda wote. Akaacha. Akafuta macho. Akarudi kwenye mchele. Mzee alikuwa kwenye picha ya nne, na mwekundu ananikodolea macho ya mtu aliyekabwa. Hata kumkasirikia sikuweza. Ni mimi niliyebonyeza mapema kwa hofu ya kukosa, nikamjaza Mama Kibwana mpaka mama akakosa nafasi.

Nikakaa chini, nikalia. Sijui kama umewahi kulia ndotoni, machozi hutoka makavu. Ng'ambo ya ua niliiona Alhamisi yenyewe, imeegemea ukuta, imevaa koti jeupe, imeshika koleo la kung'olea meno. Haikuwa na haraka yoyote.

Kamera wa tatu, wa kijivu, alikuwa hajasema neno tangu mwanzo. Alikuwa amekaa pembeni kwa adabu za mkwe mgeni. Sasa akaniuliza, "Wewe kabla ya kubonyeza huwa unasemaje?"

"Wapi?"

"Studio. Mtu akishakaa kwenye kigoda."

Nikasema ninayoyasema mara thelathini kwa siku. "Kaa wima. Tazama hapa. Kidevu chini. Funga mdomo."

"Rudia la mwisho."

"Funga mdomo."

Jogoo akafunga mdomo. Ndoo ikajifunika. Mama Kibwana akanyamaza katikati ya neno, jambo ambalo katika maisha yangu yote sijalishuhudia.

"Mimi," akasema wa kijivu, "huanza kupiga kabla hujabonyeza. Ukishabonyeza nakupa na yaliyotangulia. Watu wengi hawayataki, wanataka ya mbele tu."

"Mimi nayataka," nikasema, maana wa nne hakuwepo.

"Haya. Vua viatu. Tunaingia kwenye sekunde."

Sekunde ni nyumba. Mimi nilikuwa sijui. Ni nyumba ndefu ya bati, ina ujia katikati na vyumba thelathini huku na huku, namba zimeandikwa milangoni kwa chokaa. Kwa nje unaweza kuipita usiione. Wa kijivu alikuwa na funguo zote thelathini kwenye kamba shingoni. Akaniambia mwekundu anazo ishirini, na mwenye pua anazo tatu, mmojawapo umepinda.

Chumba cha kwanza, mama anamsikiliza Mama Kibwana. Cha tano, sikio limeshaelewa lakini uso bado. Cha tisa, mashavu yameanza kupanda. Kila chumba kina mama wake na ungo wake, na hakuna anayegeuka kututazama. Cha kumi na mbili, midomo imeachana kidogo.

"Cha kumi na tatu ndicho chenyewe," anasema wa kijivu, anatafuta ufunguo.

Mbele ya mlango huo kuna mkono. Ni mkono wa kulia wa mama, uko peke yake, unatembea kwa vidole kwenye ujia, una haraka, pete yake ya fedha inagonga sakafu. Nikauamkia, maana hata hivyo ni mkono wa mama.

"Marahaba," ukasema. "Nipishe mwanangu, nachelewa kazini."

"Kazi gani?"

"Kufunika. Naingia chumba cha kumi na nne."

"Nani aliyekupa kazi hiyo?"

Mkono ukasimama, ukanigeuzia kiganja. "Wewe."

Nikacheka. Wenyewe haukucheka.

"Nilikuwa mkono wa kawaida," ukasema. "Nakuna nazi, nafua, nabeba wajukuu. Mama yako akicheka mimi nilikuwa napiga paja. Hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Ukaja mwaka wa vitambulisho. Foleni ilitoka studio kwako mpaka kwa fundi baiskeli. Mama yako akaja na gauni la Idi, akakaa kwenye kigoda, akamwona mwanawe kavaa miwani kakunja uso, kajifanya mtu mkubwa, akacheka. Ukasemaje?"

Nikasema sikumbuki. Na kweli nilikuwa sikumbuki. Lakini ujia haukuwa ujia tena, ulikuwa studio yangu, pazia la buluu nyuma, na sauti niliyoisikia ilikuwa yangu, imechoka, inataka kumaliza kazi. "Mama, funga mdomo. Huo mwanya unaharibu picha."

Foleni ikacheka. Walikuwa watu wa adabu, hawakucheka sana. Mama akafunga mdomo. Nikampiga. Nikaita, "Anayefuata."

Nikauambia mkono kwamba sikuwa na nia mbaya. Nikasema picha za mdomo wazi zilikuwa zinarudishwa, nikasema watu walikuwa wengi, nikasema nilikuwa sijala tangu asubuhi. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililonisaidia. Niliona aibu kiasi cha kutaka kuamka, nikajaribu, ndoto ikakataa.

"Jioni ile ile," ukasema mkono, "Mama Kibwana akasimulia jambo. Nikaanza kazi. Mpaka leo hakuna aliyeniambia niache."

"Acha. Pumzika."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu. Si umesema mimi ndiye niliyekuajiri?"

"Uliniajiri mbele ya watu. Unipumzishe mbele ya watu."

Nikageuka. Foleni ilikuwepo. Ni wote niliowapiga kwa miaka kumi na tisa, kuanzia kwenye kigoda mpaka kwa fundi baiskeli na kuendelea mpaka nisikoweza kuona. Kila mmoja amekatwa kifuani kwa kipimo cha pasipoti, ana buluu nyuma yake. Walimu, mahujaji, madereva, watahiniwa wa darasa la saba. Videvu chini, midomo imefungwa, macho yote kwangu, kama nilivyowafundisha.

Nikapaza sauti wasikie mpaka kwa fundi baiskeli. "Mwanya wa mama yangu haukuharibu picha. Niliyeiharibu ni mimi."

Mwalimu mmoja wa hesabu, niliyempiga mwaka wa kwanza kabisa wa kazi yangu, akafungua mdomo taratibu, huku akinitazama asije akakemewa. Alikuwa na pengo. Wa nyuma yake akafungua. Ikaendelea hivyo mtu hadi mtu, mapengo, meno ya dhahabu, ndimi nyekundu za watoto waliotoka kula ubuyu. Nilikuwa na kamera ya funguo thelathini mkononi na sikukumbuka kubonyeza.

Mkono ukauliza, "Likizo ya siku ngapi?"

"Mpaka Alhamisi. Baada ya hapo utaelewana na mwenyewe."

Ukafikiri. Ukajilaza chali pale sakafuni, vidole vikajikunja kidogo, ukalala. Wa kijivu akazungusha ufunguo kwenye mlango wa kumi na tatu. Ndani sikupata kuona, maana hapo ndipo nilipoamka.

Jua lilikuwa limeshafika dirishani. Nikanawa uso, nikatoka. Mimi na mama tunaishi ua mmoja. Nilimkuta kwenye mkeka, anachambua mchele kwa mkono wa kushoto, na uliomwagika chini ulikuwa mwingi kuliko ulio kwenye ungo. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, chali, vidole vimejikunja kidogo.

Nikaitazama pete yake ya fedha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo unisaidie. Mkono huu nimeamka nao umekufa ganzi, hauniinuki."

"Uliulalia?"

"Hata, nililala ubavu wa kushoto. Wala hauniumi, vidole vyacheza, sisimizi tu wananitambaa. Waanza kurudi kidogo kidogo. Wajifanya mvivu leo, sijui kapewa ruhusa na nani."

Mchele sikuugusa. Nikachuchumaa mbele yake. Maneno niliyoyatayarisha nikinawa uso yalikuwa yameshapotea.

"Mama, ile siku ya picha ya kitambulisho. Nilichokwambia mbele ya watu."

Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa.

"Ilikuwa Jumatano," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Nilivaa gauni langu la Idi siku ile."

"Najua."

"Wajua wapi wewe. Hukunitazama hata nguo." Hakusema kwa ukali. Akainua macho akanitazama usoni, akanitazama vizuri, na nadhani nilikuwa nimekunja uso vilevile ninavyoukunja kazini, kwa sababu mashavu yake yakaanza kupanda. Nikayaona yanapanda. Midomo ikaachana.

Mama akacheka. Alitupa kichwa nyuma, akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Mkono mapajani ukatikisika, ukajaribu, ukabaki pale pale.

"Wiki nzima wanizunguka na vikaratasi vya kamera, wadhani sijui watafuta nini," akasema katikati ya kicheko, machozi yakimtoka. "Piga basi, kabla ganzi haijaisha."

Nilikuwa na simu tu, yenye kioo kilichopasuka. Nikapiga moja. Imetoka na ukungu kidogo upande wa sikio. Mwanya unaonekana wote.